Lorenzo Dow Turner: Msomi aliyeyafuata maneno ya Afrika hadi visiwa vya Marekani

Katika mtaa wa Anacostia, kusini-mashariki mwa jiji la Washington, pana jumba la makumbusho la jamii lililo chini ya taasisi ya Smithsonian. Humo zimehifadhiwa nyaraka na picha za Profesa Lorenzo Dow Turner, mtu ambaye wataalamu wa lugha humtaja kuwa baba wa taaluma ya Kigullah. Mwaka 2010 makumbusho hayo yalifungua maonyesho makubwa juu ya maisha yake, miaka 38 baada ya kifo chake.

Nje ya vyuo vikuu jina lake halivumi kama yanavyovuma majina ya wanasiasa na waimbaji weusi wa zama zake. Hata hivyo kazi aliyoifanya inamhusu kila mzungumzaji wa lugha ya Kiafrika. Wasomi wakubwa wa Marekani walikuwa wakifundisha kwamba Waafrika waliovushwa bahari ya Atlantiki kwa minyororo walifika ng'ambo wakiwa watupu, bila neno moja la maana kutoka makwao. Turner ndiye aliyekwenda kuwasikiliza vitukuu vyao, akarudi na ushahidi kwamba haikuwa hivyo.

Alizaliwa tarehe 21 Agosti mwaka 1890 katika mji wa Elizabeth City, jimbo la North Carolina, miaka 25 tu baada ya utumwa kukomeshwa nchini humo. Baba yake, Rooks Turner, alianza darasa la kwanza akiwa mtu mzima wa miaka 21, na hakuacha kusoma hadi alipopata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington. Katika nyumba ya mzee kama huyo, mtoto hakuwa na pa kujificha asisome. Ndugu wawili wa Lorenzo walihitimu, mmoja katika utabibu na mwingine katika sheria. Familia ilihamia Rockville, Maryland, mji ulio karibu na Washington, na kijana akafuata nyayo za baba yake hadi Howard, alikopata shahada ya kwanza mwaka 1914. Karo aliitafuta mwenyewe, kwa kufanya kazi katika treni na kucheza besiboli nyakati za likizo.

Kutoka Howard alikwenda Harvard, akapata shahada ya uzamili mwaka 1917, kisha akarejea Washington kufundisha Kiingereza katika chuo kilichomlea. Miaka hiyo haikuwa ya raha kwa mtu mweusi katika mji mkuu wa Marekani. Ofisi za serikali kuu zilikuwa zimeanza kuwatenga wafanyakazi weusi chini ya Rais Woodrow Wilson, na mwezi Julai mwaka 1919 magenge ya wazungu yaliwavamia watu weusi katika mitaa ya jiji kwa siku kadhaa. Katika hali hiyo Howard ilikuwa kimbilio la wasomi. Turner alikuwa mkuu wa idara ya Kiingereza kuanzia mwaka 1920, na miongoni mwa waliokaa mbele yake darasani alikuwamo Zora Neale Hurston, ambaye baadaye alipata sifa kubwa kwa riwaya zake na kwa kukusanya ngano za watu weusi wa Kusini. Mwaka 1926 Turner alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Chicago, kwa utafiti juu ya fasihi iliyoupinga utumwa.

Hadi hapo hakuna dalili kwamba mtu huyu angekuja kuwa mwanaisimu wa lugha za Kiafrika. Mwaka 1928 aliondoka Howard, akaanzisha gazeti mjini Washington pamoja na ndugu yake Arthur, wakaliita Washington Sun. Gazeti halikumaliza mwaka. Pengine lingefanikiwa, tusingekuwa na habari ya kusimulia.

Baada ya gazeti kufa alipata kazi katika Chuo Kikuu cha Fisk mjini Nashville, Tennessee. Kiangazi cha mwaka 1929 alialikwa kufundisha kwa muda katika chuo cha watu weusi huko Orangeburg, South Carolina. Huko aliwasikia wanafunzi kutoka visiwa vya pwani wakizungumza wao kwa wao, akashangaa. Maneno mengi yalifanana na ya Kiingereza, lakini mdundo, sauti na mpangilio wa sentensi vilikuwa vya namna nyingine kabisa. Walikuwa Wagullah, ambao katika jimbo la Georgia huitwa pia Wageechee.

Visiwa hivyo vimetapakaa kandokando ya pwani ya South Carolina na Georgia. Enzi za utumwa palilimwa mpunga na pamba, na wamiliki waliwatafuta kwa makusudi watumwa kutoka sehemu za Afrika Magharibi zilizojua kilimo cha mpunga, pamoja na wengine wengi kutoka Kongo na Angola. Malaria iliwafanya wazungu wakae mbali na mashamba kwa miezi mingi ya mwaka, hivyo watumwa waliishi wenyewe kwa wenyewe. Zaidi ya hayo, biashara ya kuingiza watumwa iliendelea kwa siri hata baada ya kupigwa marufuku mwaka 1808. Merikebu iliyoitwa Wanderer ilishusha zaidi ya watu 400 kutoka eneo la Kongo katika kisiwa cha Jekyll, Georgia, mwaka 1858. Kwa hiyo katika miaka ya 1930 palikuwa bado na wazee waliowahi kuishi na watu waliozaliwa Afrika.

Wasomi waliotangulia walikipuuza Kigullah. Mwandishi Ambrose Gonzales alieleza mwaka 1922 kwamba usemi huo ulikuwa Kiingereza kilichoharibiwa na uvivu na maumbile ya vinywa vya watu weusi. Profesa George Philip Krapp wa New York, mtu aliyeheshimika sana, alisema kwa lugha ya adabu zaidi kwamba yote yalitokana na lahaja za zamani za wakulima wa Uingereza. Athari hizo hazikuishia vitabuni. Mtoto wa kisiwani alipofika shule alifundishwa kuona haya kwa maneno ya bibi yake, kwa sababu mwalimu aliyaona kuwa makosa.

Turner alijiandaa kwa utaratibu. Alisomea mbinu za kuandika matamshi pamoja na watafiti waliokuwa wakitayarisha ramani ya lahaja za Marekani, na mwaka 1931 alipokelewa katika Chama cha Isimu cha Marekani, akiwa mtu mweusi wa kwanza humo. Kisha akaingia visiwani na mashine ya kunasa sauti kwenye sahani za alumini. Sehemu nyingi hazikuwa na umeme wala madaraja. Alifika Johns, Wadmalaw, Edisto na St. Helena upande wa South Carolina, na Sapelo, St. Simons na Harris Neck upande wa Georgia. Aliwarekodi wazee wakisali, wakiimba, wakieleza namna ya kupika na kulima, wakisimulia habari za utumwa.

Hapo ndipo ilipodhihirika sababu ya wengine kukosa alichokipata. Wagullah walikuwa na Kiingereza cha kuzungumza na mgeni, hasa mgeni mzungu, na walikuwa na usemi wa nyumbani. Kila mtu alikuwa pia na majina mawili: moja la Kiingereza la shuleni na kanisani, na jingine la nyumbani ambalo mgeni hakutajiwa. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana desturi hiyo. Watafiti waliopita waliuliza majina wakapewa yale ya shuleni, wakaandika kwamba Afrika imesahaulika. Turner aliketi, akala na watu, akarudi tena na tena, na majina ya nyumbani yakaanza kumwagika kwa mamia.

Lakini kusikia ni jambo moja na kuthibitisha ni jambo jingine. Neno likifanana na la Kiafrika, utajuaje kwamba si bahati tu? Waajemi na Waingereza wote wana neno bad, lenye maana ileile ya kitu kibaya, wala maneno hayo hayana undugu wowote.

Ulaya ilikuwa imepata jibu la swali hilo karne moja na nusu kabla yake. Mwaka 1786 Sir William Jones, jaji wa Kiingereza aliyekuwa India, alitoa hoja kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini vina asili moja. Wanaisimu waliomfuata waliyapanga maneno bega kwa bega, wakatafuta kanuni za sauti. Chukua habari ya pumzi. Kisanskriti husema aniti kwa maana ya anapumua. Kigiriki cha kale kina anemos, yaani upepo. Kilatini kina anima, ambayo ni pumzi na tena ni roho, na Kiwelshi kina anadl, pumzi. Kutokana na maneno hayo na mengine walijenga upya mzizi wa lugha mame iliyozungumzwa maelfu ya miaka iliyopita bila kuandikwa popote. Mzizi huo wanauandika kwa alama ya nyota, kuonyesha kwamba hakuna aliyewahi kuusikia, na wameutilia konsonanti mbili za kooni ambazo zimetoweka katika maneno yote manne. Wazo la sauti zilizopotea lilitolewa na Mswisi kijana, Ferdinand de Saussure, mwaka 1879. Lilipata ushahidi mwaka 1927, baada ya Kihiti, lugha ya kale ya nchi ambayo leo ni Uturuki, kusomwa.

Nasi tunaweza kulifanya zoezi hilo bila kutoka nyumbani. Mswahili ana pumzi, kupumua na kupumzika. Mnyarwanda husema guhumeka kwa maana ya kupumua, Mganda husema okuwummula na Mzulu ukuphumula, wote wawili kwa maana ya kupumzika. Je, p, h na w kupokezana hivyo ni sadfa? Tazama kitenzi kingine, kupa: Mnyarwanda husema guha, Mganda okuwa, Mzulu ukupha. Mpangilio ni uleule. Ukiona sauti zinabadilishana kwa kanuni, si kwa neno moja tu, hapo una undugu wa kweli. Mjerumani Carl Meinhof alizipanga kanuni za namna hiyo kwa lugha za Kibantu katika kitabu chake cha mwaka 1899.

Wataalamu hao walikuwa wakitafuta mzazi asiyeonekana. Turner alikuwa na kazi ya namna nyingine: mtoto alikuwa mbele yake akiongea, nao wazazi walikuwa hai ng'ambo ya bahari, ila hakuna aliyekuwa amewakutanisha. Ilimlazimu kuzijua lugha za pande zote mbili. Mwaka 1936 alikwenda London, katika chuo kilichofundisha lugha za Asia na Afrika, akajifunza lugha za Afrika Magharibi na kuwahoji Waafrika waliokuwa Ulaya. Aliporudi alijifunza Kiarabu katika Chuo Kikuu cha Yale. Hilo nalo lilikuwa na maana, kwani katika kisiwa cha Sapelo aliishi karne ya 19 Mwislamu aitwaye Bilali, mzaliwa wa Futa Jallon, ambaye aliacha maandishi ya Kiarabu aliyoyaandika kwa mkono wake akiwa mtumwa.

Kitabu chake juu ya athari za Kiafrika katika Kigullah kilitolewa na Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1949, karibu miaka 20 baada ya kiangazi kile cha Orangeburg. Kilikuwa na maneno na majina yapatayo 4,000, kila moja likiwekwa karibu na neno la Kiafrika linaloweza kuwa chimbuko lake. Karanga kule visiwani huitwa guba, na Kimbundu cha Angola husema nguba. Msomaji wa Kongo anayejua Kilingala atatabasamu. Kubeba ni tot, ambalo Turner alilihusisha na tota ya Kikongo na tuta ya Kimbundu. Waandishi wa kamusi bado wanajadiliana juu ya neno hilo, ingawa limeingia katika Kiingereza cha Wamarekani wote, na kila anayekwenda dukani Silver Spring au Alexandria na mfuko wa kubebea begani analitamka. Kula ni nyam, lakini Mswahili asikimbilie nyama. Turner aliutazama upande wa Kiwolof na jirani zake.

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ushahidi wenye nguvu kuliko wote haumo katika orodha ya maneno. Umo katika sarufi. Mgullah akitaka kusema kwamba fulani ni mrefu kuliko yeye, hutumia kitenzi cha kupita, yaani mrefu kunipita, kama anavyosema Mswahili na kama wasivyosema wakulima wa Uingereza. Kiwakilishi chake kimoja humtaja mwanamume, mwanamke na hata kitu, na vitenzi vyake hujali zaidi kama jambo limekamilika au linaendelea kuliko lilitokea lini. Neno moja laweza kufanana kwa bahati. Mfumo mzima wa fikra haufanani kwa bahati.

Kitabu hakikukosa wakosoaji. Ilisemwa kwamba sehemu kubwa ya orodha ni majina ya watu, na kwamba jina fupi la silabi mbili laweza kupatikana katika lugha nyingi za Afrika bila kuwa na undugu. Hoja hiyo ina uzito, na Turner mwenyewe mara nyingi aliweka chimbuko zaidi ya moja bila kuchagua. Hata hivyo mwaka 1965 mwanahistoria P. E. H. Hair alipoyachunguza upya maneno yaliyohusishwa na Sierra Leone, alikuta mchango wa Kimende na Kivai ukiwa mkubwa ajabu. Msingi haukutikisika. Hakuna msomi wa leo anayerudia kwa uzito maneno ya Gonzales.

Suala lenyewe lilikuwa limewagawa hata wasomi weusi. Mwanasosholojia E. Franklin Frazier wa Howard alishikilia kwamba utumwa ulifuta karibu kila kitu, na aliogopa kwamba habari za urithi wa Afrika zingetumiwa na wabaguzi kusema mtu mweusi hawezi kuwa Mmarekani kamili. Hofu hiyo ilikuwa na sababu zake. La kupendeza ni kwamba mwaka 1940 Turner na Frazier walisafiri pamoja hadi Bahia, Brazil. Turner aliwarekodi huko wazee na viongozi wa dini waliokuwa wakiimba na kusali kwa Kiyoruba. Mabwana hao wawili walitembelea jamii zilezile, na Frazier alirudi na msimamo wake uleule.

Mwaka 1946 Turner alihamia Roosevelt, chuo kipya cha Chicago kilichoajiri walimu weusi wakati vyuo vingi vya wazungu vilikataa. Mwaka 1951 alipata ufadhili wa kuzuru Nigeria na Sierra Leone, na hatimaye akaitembea ardhi ambayo lugha zake alikuwa akizifuata kwa miaka zaidi ya 20. Katika miaka ya 1960 alitayarisha vitabu vya Kikrio kwa vijana wa Peace Corps waliokuwa wakipelekwa Sierra Leone. Alifariki dunia mjini Chicago tarehe 10 Februari mwaka 1972. Mengi aliyoyakusanya Brazil hakuwahi kuyachapisha.

Kati ya sahani zake za alumini ilikuwamo moja yenye sauti ya mwanamke wa Harris Neck aliyeitwa Amelia Dawley. Aliimba wimbo mfupi aliofunzwa na mama yake, bila kujua maana ya maneno. Mwanafunzi kutoka Sierra Leone aliyekuwa Marekani, Solomon Caulker, aliutambua kuwa ni wa Kimende, na Turner akauchapisha pamoja na tafsiri. Ulikaa kitabuni miaka 40. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Joseph Opala, mtaalamu wa muziki Cynthia Schmidt na mwanaisimu wa Sierra Leone Tazieff Koroma waliuchukua, wakaanza kuutafuta. Koroma aligundua kwamba neno moja ni la lahaja ya wilaya ya Pujehun, kusini mwa nchi. Schmidt alikwenda huko akiupiga wimbo kijiji hadi kijiji, mpaka alipofika Senehun Ngola, ambako mwanamke aitwaye Bendu Jabati alianza kuuitikia. Alikuwa amefunzwa na bibi yake. Ulikuwa wimbo wa mazishi, uliotumika kando ya kaburi katika ibada ya kuwaaga wafu.

Nao Georgia walimkuta Mary Moran, binti ya Amelia, akiwa bado anaukumbuka. Alikuwa akiwaimbia watoto wake kama wimbo wa kuchezea. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilichelewesha safari, na Senehun Ngola yenyewe ilichomwa moto. Mwaka 1997, vita vilipotulia kwa muda, Moran alifika kijijini humo pamoja na jamaa zake, akakutana na Jabati, na wimbo ukaimbwa na pande zote mbili. Turner alikuwa amekwisha kufa miaka 25 kabla ya siku hiyo. Filamu iliyosimulia habari hiyo ilitolewa mwaka 1998, na sahani zenyewe zimetunzwa katika hifadhi ya sauti ya Chuo Kikuu cha Indiana.